Mnyororo, Samaki na Yungiyungi: Historia ya Maana katika Nakshi za Milango ya Zanzibar na Lamu

1.0 Utangulizi

Katika miji ya kale ya upwa wa Afrika Mashariki, hususani Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu, mlango mkuu wa nyumba ya mawe ndiyo sehemu iliyopewa nakshi nyingi kuliko zote zinazoonekana kutoka barabarani. Ukuta wa nje hupakwa chokaa na kuachwa mtupu, na madirisha ya chini huwa machache na madogo. Macho ya mpita njia huongozwa moja kwa moja mlangoni. Kwenye miimo na vizingiti vyake huonekana samaki wenye magamba, mistari ya mawimbi, maua ya yungiyungi, majani yanayodhaniwa kuwa ya mtende au ya mti wa ubani, na mnyororo unaozunguka fremu nzima.

Alama hizo zimepewa maelezo ambayo sasa yanajulikana sana. Samaki huelezwa kuwa ishara ya uzazi, mtende kuwa ishara ya neema, yungiyungi kuwa ishara ya uhai unaozaliwa upya, na ubani kuwa ishara ya utajiri. Mnyororo ndio wenye maelezo yanayogongana. Baadhi ya waelezaji husema kuwa ni ishara ya ulinzi wa nyumba. Wengine huwaambia wageni kwamba unaonyesha kuwa mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Alama moja imebeba maana mbili ambazo haziwezi kupatanishwa kwa urahisi, na moja kati ya hizo inahusu jeraha kubwa kuliko yote katika historia ya visiwa hivi.

Makala haya yanachunguza maana hizo zilitokana na nini na zina ushahidi wa namna gani. Hoja kuu ni kwamba maana ya nakshi za milango haikuwekwa ndani ya kila alama kama neno katika kamusi. Maana hiyo ilijengwa na mambo matatu: mahali alama ilipochongwa, hadhi ya mtu aliyeagiza mlango, na masimulizi ya wasomaji wa baadaye. Kutotenganisha mambo hayo kumepotosha uelewa wa sanaa yenyewe, na pia uelewa wa nafasi ya utumwa katika historia ya nyumba hizi.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Uchambuzi unaongozwa na mgawanyo wa alama uliopendekezwa na mwanafalsafa Mmarekani Charles Sanders Peirce (1839–1914). Peirce alitofautisha aina tatu za uhusiano kati ya alama na kile kinachowakilishwa. Ikoni huwakilisha kitu kwa kufanana nacho, kama vile picha ya samaki inavyofanana na samaki. Kielekezi huhusiana na kitu kwa njia ya sababu na tokeo. Uhusiano huo unajulikana vyema katika methali ya Kiswahili isemayo kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Aina ya tatu ni ishara ya mapatano, ambayo maana yake hutegemea desturi ya jamii inayoitumia.

Faida ya mgawanyo huu ni kwamba unamlazimisha mchambuzi kutaja aina ya ushahidi anaohitaji. Ili kuthibitisha kuwa mchongo ni ikoni ya samaki, inatosha kuutazama. Ili kuthibitisha kuwa samaki huyo ni ishara ya uzazi, ni lazima kuonyesha kuwa jamii ya wachongaji na wenye nyumba ilikuwa na mapatano hayo. Kuruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili bila ushahidi ndilo kosa linalojitokeza mara nyingi katika maelezo ya milango.

3.0 Nakshi katika Upwa kabla ya Karne ya 19

Uchongaji wa nakshi katika upwa ni wa kale kuliko milango inayoonekana leo. Katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kibla kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Uchunguzi wa Peter Garlake kuhusu usanifu wa mapema wa Kiislamu, uliochapishwa mwaka 1966, ulionyesha jinsi mafundi wa upwa walivyotumia matumbawe kwa vibla, fremu za milango na mapambo ya kuta katika miji kama Kilwa na Gedi. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu nyumba za Kilwa na kutaja kuwa milango yake ilikuwa ya mbao zilizochongwa kwa ustadi.

Ushahidi huu una umuhimu wa aina mbili. Kwanza, unaonyesha kuwa fundi wa karne ya 19 alirithi kanuni zilizokwisha kuwapo: kurudia umbo dogo ili kujaza nafasi ndefu, kuzungushia uwanja mpaka wa nakshi, na kuweka maandishi mahali pa heshima. Pili, unaonyesha kuwa mapambo ya mlango yalikua jirani na mapambo ya msikiti na ya kitabu. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, ambao ulisifika kwa ufundi katika karne ya 18 na ya 19, kulikuwa na wanakili wa misahafu waliopamba kurasa kwa mipaka ya rangi, pamoja na wachongaji wa mbao. Mpaka unaozunguka ukurasa na mpaka unaozunguka mlango ni wa ukoo mmoja wa nakshi.

Uhusiano huo unaonekana pia katika maisha ya Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa milango. Miswada aliyoinakili kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu ni miongoni mwa hazina muhimu za fasihi ya Kiswahili cha kaskazini. Kwa mtu kama yeye, kalamu na patasi zilifuata nidhamu moja ya kupanga nafasi.

4.0 Mlango kama Muundo: Mahali pa Alama

Mlango wa nakshi una sehemu zinazotambulika kwa majina: miimo miwili ya pembeni, kizingiti cha juu, kizingiti cha chini, mbao mbili zinazofunguka, na mfaa, yaani ubao mwembamba wa wima unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Mbao zilizotumika ni ngumu na za kudumu, zikiwemo mbambakofi na mfenesi, pamoja na msaji ulioletwa kutoka India. Katika milango mingi ya zamani, mbao mbili zinazofunguka huachwa bila kuchongwa au hupigiliwa misumari ya shaba tu. Nakshi hukusanywa kwenye fremu na mfaa.

Mpangilio wa alama una utaratibu unaorudiwa. Chini ya miimo na ya mfaa, karibu na ardhi, huwekwa mawimbi au samaki. Kutoka hapo hupanda shina lenye majani na maua, likirudia umbo lake hadi juu. Kizingiti cha juu hubeba ua kubwa la duara au maandishi. Ukingo wa nje wa fremu huzungushwa mnyororo au kamba iliyosokotwa. Kwa kuutazama mpangilio huu mzima, msomaji hupata mantiki ambayo haionekani alama zinapoorodheshwa moja moja. Maji yako chini, mmea unaota kutoka majini, na juu kabisa kuna neno la Mwenyezi Mungu au jina la mwenye nyumba.

Mantiki hiyo ni ya kisanaa kabla ya kuwa ya kiitikadi. Fundi alikuwa na ubao mrefu na mwembamba wa kujaza. Mmea unaopanda unafaa umbo hilo kuliko kitu kingine chochote. Mmea unahitaji mwanzo, na maji ni mwanzo unaofaa. Samaki mwenyewe mara nyingi amebadilishwa kiasi kwamba magamba yake yanafanana na majani na mkia wake unageuka kuwa shina. Tabia hiyo inalingana na desturi ya sanaa ya Kiislamu ya kupunguza ukaribu wa mchongo na kiumbe hai. Ikoni inadhoofishwa kwa makusudi ili iwe nakshi.

Uzuri wa mlango unatokana na utaratibu huohuo. Barabara za Mji Mkongwe ni nyembamba, na jua hufika kwa muda mfupi na kwa upande. Mchongo wa kina kirefu hushika kivuli, kwa hiyo nakshi huonekana hata pale rangi ya mbao imekolea. Fremu iliyojaa na mbao zilizo tupu huleta ulinganifu wa wingi na utulivu. Marudio ya umbo moja kwenye mwimo mmoja hujibiwa na marudio yaleyale kwenye mwimo wa pili. Katika sanaa hii, uzuri ulikuwa njia ya kuleta maana: utaratibu wa nakshi uliutangaza utaratibu wa nyumba kwa watu waliokuwa nje.

5.0 Mlango na Hadhi ya Mwenye Nyumba

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1856 na kuchapisha kitabu chake kuhusu mji huo mwaka 1872, aliona kuwa ukubwa wa lango, uzito wa kufuli na unene wa misumari vilikuwa vipimo vya heshima ya mwenye nyumba. Maelezo yake hayakuhusu samaki wala maua. Alichokisoma mlangoni ni gharama, na kwa jambo hilo inaelekea alisoma kama wakazi wa mji walivyosoma.

Gharama hiyo ilitokana na mabadiliko makubwa ya uchumi. Seyyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mji ukawa kituo cha biashara ya pembe za ndovu, karafuu na watumwa. Wafanyabiashara kutoka Oman, Hadhramaut, Kachchh na Gujarat walijenga nyumba za mawe jirani na zile za Waswahili wenye asili. Judith Aldrick, katika makala yake ya mwaka 1990, alionyesha kuwa milango mingi iliyobaki ni ya karne ya 19, na kwamba inaweza kugawanywa katika mitindo kadhaa ya kimaeneo. Milango yenye kizingiti kilichonyooka na nakshi za maandishi huhusishwa na mtindo wa zamani zaidi wa Zanzibar. Milango yenye kichwa cha nusu duara na maua mengi, pamoja na ile yenye vipande vidogo vya mraba vilivyopigiliwa shaba, inaonyesha mchango mkubwa wa India.

Mchango huo uliongezeka wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Kabla ya kutawala aliwahi kuishi uhamishoni Bombay. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilipewa milango mikubwa yenye aya za Kurani zilizopakwa dhahabu. Ladha ya ikulu ilifuatwa na matajiri wa mji, na mlango wa kichwa cha duara ukawa alama ya usasa wa wakati huo.

Misumari ya shaba ni mfano mzuri wa alama kubadilika kazi. Husimuliwa kwamba nchini India misumari mirefu iliwekwa kwenye malango ili kuzuia ndovu wa vita. Katika mitaa ya Zanzibar hapakuwa na ndovu wa vita, na misumari iliyopigiliwa huko ni mifupi, imepangwa kwa safu na kung'arishwa. Kile kilichobaki ni kielekezi cha fedha na cha uhusiano na ng'ambo ya bahari. Mwenye nyumba aliyeionyesha alikuwa akisema kuwa mkono wake unafika Bombay.

Ni jambo la maana kwamba jamii yenyewe ilikuwa na shaka juu ya madai hayo. Methali isemayo nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, haingekuwa na nguvu mahali ambapo milango haikutumika kudai wema wa nyumba. Methali hiyo ni ushahidi wa ndani ya lugha kwamba mlango ulisomwa kama dai la hadhi, na kwamba msikilizaji alishauriwa asilikubali dai hilo kabla ya kulipima.

6.0 Wasomaji wa Baadaye

Maandishi yaliyochongwa kwenye vizingiti humtaja Mungu, hunukuu Kurani, na mara nyingine hutaja jina la mwenye nyumba na mwaka wa Hijria. Hayaelezi samaki wala mnyororo. Maelezo ya alama hizo yanatoka kwingine.

Mwaka 1924, F. R. Barton, aliyewahi kushika cheo cha juu katika serikali ya Zanzibar chini ya Uingereza, alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu milango ya Zanzibar. Alitafuta asili ya samaki na yungiyungi katika ustaarabu wa Misri na Mashariki ya Kale, na kuzihusisha alama hizo na imani za uzazi za huko. Mbinu hiyo ilikuwa ya kawaida katika elimu ya wakati wake: umbo lililofanana na umbo la kale lilichukuliwa kuwa limerithi pia maana ya kale. Kwa mgawanyo wa Peirce, mfanano wa ikoni ulichukuliwa kuwa ni ushahidi wa mapatano. Fundi wa Kiislamu wa Lamu au Zanzibar, aliyejifunza nakshi kwa bwana wake, hakupewa nafasi katika maelezo hayo.

Maelezo ya aina hii yalipita kutoka maandishi ya kitaaluma kwenda vitabu vya wasafiri, na kutoka huko kwenda katika masimulizi ya waongoza watalii. Kila hatua iliyafupisha. Dhana iliyotolewa kwa tahadhari ikawa orodha, na orodha ikawa sheria: samaki ni hiki, ua ni kile. Hata hivyo, haitoshi kuyaita masimulizi hayo makosa na kuyaacha. Kwa kuwa ishara ya mapatano hutegemea jamii inayoitumia, mapatano mapya huzaa maana mpya. Seremala wa leo anayechonga samaki kwa mteja wa hoteli, akijua kuwa mteja atamsoma kama baraka ya uzazi, anachonga ishara halisi. Kosa ni kuirudisha maana hiyo nyuma na kumvisha fundi wa mwaka 1850.

7.0 Mnyororo na Kumbukumbu ya Utumwa

Suala la mnyororo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu linahusu haki ya wafu. Dai kwamba mnyororo ulitambulisha nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa linakabiliwa na vikwazo vitatu. Kikwazo cha kwanza ni cha mahali. Mnyororo huchongwa kwenye ukingo wa nje wa fremu, mahali pa mpaka, na mipaka ya kamba iliyosokotwa au pete zilizounganishwa imeenea katika sanaa za Kiislamu na za Kihindi, ikiwemo katika vitabu na vitambaa visivyo na uhusiano na utumwa. Kikwazo cha pili ni cha wenye nyumba. Nakshi hiyo imo katika milango ya watu wa kazi na jamii mbalimbali. Kikwazo cha tatu ni cha wakati. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa mwaka 1897, lakini mafundi waliendelea kuchonga mnyororo na wanaendelea hadi leo.

Kulikataa dai hilo hakumaanishi kuutoa utumwa katika historia ya mlango. Hapa tofauti ya ikoni na kielekezi inaonyesha umuhimu wake. Umbo la mnyororo linafanana na pingu, na mfanano huo humvuta mtazamaji wa leo. Lakini uhusiano wa kweli wa mlango na utumwa ni wa sababu na tokeo. Msaji ulinunuliwa, fundi alilipwa, shaba iliagizwa. Fedha hizo kwa sehemu kubwa zilitokana na uchumi ambao mashamba yake ya karafuu, Unguja na Pemba, yalilimwa na watumwa. Mlango wenye maua matupu, usio na mnyororo hata mmoja, unaweza kuwa kielekezi cha utumwa sawasawa na ule wenye mnyororo.

Simulizi ya mnyororo ina madhara kwa sababu inafanya hesabu ya utumwa iwe ndogo kuliko ilivyokuwa. Inamwonyesha mgeni nyumba chache na kumwambia kuwa hapa ndipo walipoishi wahusika. Nyumba nyingine zinaachwa zikiwa safi. Mwenye shamba ambaye hakuwahi kuuza mtu sokoni lakini aliishi kwa jasho la watumwa hatajwi. Mkopeshaji aliyepokea shamba kama dhamana hatajwi. Mnunuzi wa karafuu na pembe aliyesafirisha mali hiyo kwenda Bombay, London au Salem hatajwi. Historia ya mfumo mzima inageuzwa kuwa historia ya watu wachache waliotia sahihi kosa lao mlangoni.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa nakshi za milango ya Zanzibar na Lamu zilirithi kanuni za kale za upwa, zikapokea michango ya Oman na India katika karne ya 19, na zikapata maana yake kutokana na mpangilio wa alama, hadhi ya mwenye nyumba na wasomaji waliofuata. Alama ileile imekuwa mpaka wa nakshi kwa fundi, dai la heshima kwa mwenye nyumba, mabaki ya imani za kale kwa ofisa wa kikoloni, na ushahidi wa utumwa kwa mtalii.

Matokeo haya yanahusu pia uhifadhi. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Hata hivyo milango imeendelea kung'olewa kwenye majengo yaliyochakaa na kuuzwa kama vitu vya sanaa. Iwapo maana ingekuwa ndani ya samaki na mnyororo peke yake, mlango ungeweza kuhamishwa bila hasara. Uchambuzi huu unaonyesha kinyume chake. Mlango uliotenganishwa na nyumba yake hubaki na ikoni zote, lakini hupoteza vielekezi vyake: mtaa, jina la mwenyeji, baraza lililokuwa mbele yake, na shamba lililolipia gharama zake.

Kwa hiyo kumbukumbu za milango zinapaswa kuandikwa pamoja na historia ya nyumba na ya umiliki, maandishi ya Kiarabu yasomwe na kuwekewa tarehe, na aina ya mbao itambuliwe. Waongoza watalii nao wapewe maelezo yanayotenganisha kile kilichochongwa na kile kilichosimuliwa baadaye. Kwa njia hiyo mgeni anayesimama mbele ya mlango wowote wa Mji Mkongwe, wenye mnyororo au usio nao, ataweza kuulizia habari za watu waliolima karafuu zilizoulipia.